Kuhusu Vitambaa Vyekundu na Watu Ishirini na Wawili Waliopotea Nyuma Yangu

Ndiyo, ndugu Mwenyekiti, vitambaa nilivitoa mimi. Vyote arobaini na kimoja ninavyo hapa mezani, ndani ya boksi la viatu, na nimevikunja vizuri. Sikatai. Umeniuliza kwa barua, tena barua ya muhuri, nami nakujibu kwa barua. Muhuri sina, kwa hiyo pale chini nimepiga soli ya kiatu, namba arobaini na mbili, mguu wa kulia.

Habari za meno? Sisi huku kwenye viatu vya mitumba hatujambo.

Umeandika kwamba Jumapili iliyopita wanachama ishirini na wawili wa klabu yetu ya baiskeli za milimani walizunguka kwenye shamba la mikaratusi tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri kama kuku waliofunguliwa ugenini. Umeandika kwamba sababu ni mimi, kwani kazi yangu ni kubaki nyuma ya wote na kukusanya vile vitambaa vyekundu vinavyofungwa kwenye matawi kuonyesha njia, na siku hiyo nilivikusanya watu wote wakiwa nyuma yangu. Mwisho umeandika kwamba Jumamosi kamati inapiga kura, nibaki au nitoke, na kwamba nijieleze kabla. Haya, kaa vizuri, najieleza.

Shule niliacha mapema, kwa hiyo napanga kwa namba nisije nikapotea. Kupotea nimewaachia ninyi.

1. Naanza na sheria ya kusubiriana. Sheria inasema kwenye kila njia panda walio mbele wasubiri hadi wa mwisho afike. Nzuri sana, ukiisoma unaweza kulia. Lakini nani alisema wa mwisho akishafika mnaondoka hapo hapo? Muuguzi, anayetuongoza mbele, anafika, anakaa kwenye gogo, anakunywa maji, anafunga kamba za viatu, anapiga stori za wodini robo saa nzima. Mimi natokea kwenye kona, ulimi uko kifuani, macho hayaoni, nasikia tu, "Haya, Mkia kafika, twendeni!" Yaani aliyechoka kuliko wote ndiye peke yake asiyepumzika. Wewe ni daktari wa meno, Mwenyekiti. Unaweza kumng'oa mtu jino, halafu kabla hajatema mate ukamwambia fungua mdomo, tunang'oa la pili?

2. Makofi. Mnanipigia makofi huku mguu mmoja uko kwenye pedeli. Mama Cherehani, huyu anayetukatia vitambaa kwenye mabaki ya nguo za wateja wake, ana sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde akageuka: "Kaza mwanangu, umeshafika!" Nimefika wapi, mama? Nikiinua kichwa naona migongo inaondoka. Miaka miwili niko kwenye klabu, lakini polisi wakinipangia wanachama mstari niwatambue, itabidi niwaombe wageuke kwanza. Mgongo wako mimi naujua kuliko anavyoujua shemeji yangu, mkeo, na nasema hivyo kwa heshima zote.

3. Maneno "bado kidogo." Kile kilima mnachokiita Tubu, mtu akiwa chini kabisa anaambiwa bado kidogo. Akifika katikati, bado kidogo. Akilala chini kwenye majani, baiskeli iko juu yake, anaambiwa bado kidogo, inuka. Mimi ni mfanyabiashara, uongo naujua. Mteja akija na mguu namba arobaini na nne na mimi nina arobaini na mbili, namwambia hii ngozi itafunguka ukivaa. Lakini mimi nasema mara moja na kiatu anaondoka nacho. Ninyi mnauza kilima kile kile, kwa mtu yule yule, kila Jumapili. Naomba neno hilo lipimwe kwa futi kamba, lijulikane kidogo ni mita ngapi.

4. Picha ya pamoja. Inapigwa kabla sijafika. Kwenye kalenda ya klabu, ile uliyoitundika ukutani pale wagonjwa wako wanaposubiri, mimi nimetokea mwezi wa nane. Kona ya kushoto, chini. Ni tairi la mbele. Nilikuja kwako na jino langu la nyuma, nikamwonyesha bibi mmoja pale kwenye benchi, nikamwambia huyu ni mimi. Akaangalia, akaniangalia, akaniambia, "Pole, baba, mpaka sasa bado linauma?" Alidhani nimechanganyikiwa kwa maumivu.

5. Hili ni la nyumbani, naomba kamati ilisome polepole. Mkifika mwisho, katibu anaandika kwenye grupu la simu, "Sote tumefika salama." Sote! Wakati huo mimi bado naongea na Tubu. Mke wangu mmemweka kwenye grupu hilo, kwa hiyo anaisoma. Mimi naingia mlangoni saa mbili baadaye, nimelowa jasho, nina majani kwenye nywele. Ananiuliza kwa upole, ule upole wa kutisha, "Wenzako wote wamefika tangu saa nne. Wewe ulipitia kwa nani?" Nikamwambia kilima, mke wangu. Akasema, "Na huyo Kilima anakaa mtaa gani?" Naomba nipewe barua rasmi yenye muhuri, isemayo kwamba mimi ni mzito kweli, kwamba uzito wangu umeshuhudiwa na watu ishirini na wawili, na kwamba mwendo huo siuigizi. Tutaiweka kwenye fremu.

6. Sasa tunaingia kwenye kesi yenyewe. Jumapili nilifika kwenye tangi la maji, njia panda ya tatu, nikakuta hakuna mtu. (Nilifikaje mapema hivyo, tuliache. Upepo ulikuwa mzuri.) Mtu aliyekuwa wa mwisho Jumapili themanini na tatu mfululizo, akikuta mahali patupu, anajua nini? Anajua wameshaondoka. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba kuna kiumbe nyuma yangu. Nyuma yangu huwa yuko Mungu peke yake. Nikasema moyoni, leo wameniacha kabisa, hata makofi hakuna. Nikafanya kazi yangu. Kitambaa, mfukoni. Kitambaa, mfukoni. Hadi uwanja wa shule, ambako ndiko mwisho wa safari. Hapo pia hakuna mtu. Mlinzi amelala, na pembeni yake ile ndoo ya mayai ya kuchemsha na ndizi za watu wote. Nikajua mmefika, mmepiga picha, mmeondoka, na chakula mmesusa. Nilizima simu kwa hasira. Nikala mayai kumi na moja kwa uchungu. Kisha nikaenda nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na klabu mke wangu alinipokea kwa furaha, maana nilifika mapema. Hilo nalo mmeliharibu kwa barua yako.

Lakini tusibaki kwenye huruma, twende kwenye sheria. Kitabu chetu, sheria ya nne, kinasema: anayetoa vitambaa ndiye wa mwisho. Mimi nilitoa vitambaa. Basi mimi nilikuwa wa mwisho. Kama nilikuwa wa mwisho, nyuma yangu hapakuwa na mwanachama hata mmoja. Sasa nakuuliza, Mwenyekiti, tena mbele ya kamati: hao watu ishirini na wawili waliokuwa wanazunguka kwenye mikaratusi ya watu na baiskeli, wanapiga kelele, ni wa klabu gani? Waliruhusiwa na nani? Mimi siwafahamu. Labda wageuke.

7. Kwa hayo yote, naomba: (a) nisitolewe, ila niombwe radhi, (b) cheo cha Mkia kiingie kwenye kamati, kwa sababu bila wa mwisho hamuwezi kujua kama mmetimia, kwa hiyo klabu yenyewe ni mimi na ninyi ni msafara unaonitangulia, (c) cheo hicho kiwe cha zamu, kila mmoja Jumapili yake, na tuanze na wewe, (d) kwa kuwa Tubu haiwezi kushushwa, tuanzie safari juu yake. Baiskeli zipelekwe na gari, sisi tushuke. Anayetaka kupanda apande nyumbani kwake, kwenye ngazi.

Nafunga hapa maana mteja mmoja ameshika kiatu cha kushoto dakika kumi na cha kulia amekiweka sikioni kama simu. Nisalimie Muuguzi na wodi yake nzima. Nisalimie katibu, mwambie "sote" ni neno kubwa. Nisalimie Mama Cherehani. Nisalimie mkeo, wagonjwa walio kwenye benchi, na yule bibi wa kalenda akija tena. Mlinzi wa shule usimsalimie, ataamka.

Wako mtiifu, nikiwa bado mwanachama hadi Jumamosi,
Mkia
(soli: namba 42, kulia)

Nyongeza. Barua nilikuwa nimeshaibandika. Nimeifungua tena, samahani kwa bahasha.

Mama Cherehani amepita hapa mezani sasa hivi. Nilimwona anakuja nikajiandaa kutukanwa, maana nyumba ya tatu huwa wanasikia. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Sauti hana. Nikamuuliza mama, mafua? Akanivuta sikio, akaninong'oneza, "Mafua nini wewe? Nimekuita Mkia, Mkia, mlima mzima."

Ndipo nikasikia habari yenyewe. Kumbe mlikuwa njia panda ya pili, juu ya Tubu, mnanisubiri. Saa moja na nusu kwa saa ya simu. Watu wengine wakasema tuendelee, Muuguzi akakaa chini akasema, "Mkia hajafika, hatuendi popote." Kumbe wewe mwenyewe, Mwenyekiti, na magoti yako yale, ulishuka Tubu hadi chini ukiangalia kwenye mitaro labda nimelala humo, halafu ukaipanda tena. Mara mbili kwa siku moja, kwa ajili yangu. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye yai la sita. Na hata kule kwenye mikaratusi, Mama Cherehani anasema hamkuwa mnatafuta njia, njia mngeipata. Mlikuwa mnanitafuta mimi.

Basi futa namba moja hadi ya saba. Ile ya upepo futa kwa wino mara mbili, maana upepo haukuwapo. Kulikuwa na lori la mbao, la kaka wa mke wangu. Alinikuta chini ya Tubu nimekaa, nikamwambia nisogeze kidogo tu. Barabara ya malori inapita nyuma ya kilima hadi kwenye tangi. Nililala chali juu ya mbao, baiskeli kifuani, naangalia mawingu, na nikisema kweli sijawahi kufurahia klabu yetu kama dakika zile. Mwenyekiti, sikudhani kuna mtu atahesabu kwamba mimi sipo. Viatu hivi nauza peke yangu kutwa nzima. Nikichelewa kufika kwenye meza yangu, hakuna anayeuliza.

Kwa hiyo sijitetei tena. Naleta biashara, na hii ngozi haitafunguka, ni namba yako kamili.

Jumamosi msinitoe. Mimi narudi nyuma, nabaki nyuma, zamu sitaki, cheo sitaki. Sigusi kitambaa hata kimoja kabla sijahesabu vichwa ishirini na viwili, na lori nikiliona naangalia pembeni. Mayai nitaleta mimi, ndoo mbili. Kwa upande wenu nataka kitu kimoja: mkiniona natokea kwenye kona, msiinuke. Makofi acheni, na msinitie moyo. Sogeeni tu kwenye gogo, pabaki nafasi ya mtu mmoja, nikae kati yenu mpaka nimalize ndizi moja. Nakula polepole, nakuonya.

Huna haja ya kuandika jibu. Kesho asubuhi utapita mbele ya meza yangu ukienda kazini. Ukikubali, pita kimya. Ukikataa, piga kengele ya baiskeli mara tatu. Najua kengele yako imekufa tangu mwezi uliopita, ndiyo maana nimechagua kengele.