Ngazi ya Mama Mkwe

Ilitangazwa, kwa usalama wa wote na utulivu wa kila mmoja, kwamba tangu siku hiyo kila nyumba itajiandaa kwa dharura, na kwamba maandalizi hayo hayataonekana. Ndoo ya mchanga inayoonekana huleta hofu. Ngazi iliyoegemezwa ukutani humwambia mpita njia kuwa mwenye nyumba haiamini serikali. Ikaundwa Idara ya Tahadhari Isiyoonekana, ikapewa jengo lisilo na kibao, na Mkurugenzi wake, aliyetia saini waraka wa kupiga marufuku hofu, akapewa gari lenye king'ora kisichoruhusiwa kulia.

Mkaguzi wa mtaa aliielewa kazi hii kuliko wenzake wote. Aliingia majumbani mwa watu, akafunua mapazia, akachungulia mvunguni, na asipoona kitu alitoa alama zote. Nyumba iliyojiandaa haionyeshi chochote, na nyumba isiyo na chochote haionyeshi chochote vilevile. Tofauti yake, alieleza kwenye semina, ni suala la imani. Fundi viatu wa pale kona, ambaye hata kiberiti alikuwa akiazima, alipewa cheti. Muuza mkaa aliyekutwa na tochi juu ya meza alipewa onyo kali kwa uchochezi.

Tatizo la Mkaguzi lilikuwa nyumbani kwake, nalo lilikuwa mama mkwe. Bibi huyu aliwahi kuunguliwa na nyumba, akahamia kwa binti yake na begi moja na ngazi ndefu ya mbao. Ngazi akaiegemeza nje, mchana kweupe, mbele ya macho ya Mkurugenzi aliyekuwa jirani yao ukuta kwa ukuta. Na wakati huo cheo cha Mkaguzi Mkuu kilikuwa wazi. Mkurugenzi alishadokeza kwamba atampa mtu ambaye nyumba yake haina doa, na Mkaguzi alikitaka cheo hicho mpaka usingizi ulikuwa haumjii.

Lakini mkwe hakaripiwi. Mkaguzi alikohoa, akasifia hali ya hewa, akaulizia magoti yake, na mwishowe akasema huku akitazama chini, "Mama, ile ngazi ingelala ndani ingepumzika."

"Ngazi haichoki, baba," alijibu mama mkwe. "Anayechoka ni anayeingojea huku anaungua."

Hata hivyo alimhurumia, akailaza chini ya godoro lake. Tangu siku hiyo alilala juu ya vipago vya ngazi, na kila asubuhi alimwitikia mkwewe salamu huku akijishika mbavu.

Jumamosi moja adhuhuri jiko la Mkurugenzi lilishika moto. Nyumba yake ya ghorofa ndiyo iliyokuwa Nyumba ya Mfano. Mtungi wa kuzimia moto ulifichwa nyuma ya jiko lenyewe, mahali ambapo mgeni hawezi kuuona, na sasa hata mwenyewe hawezi kuufikia. Mlango wa dharura ulizibwa na kabati la vyombo. Mkurugenzi, aliyekuwa peke yake, alikimbilia juu huku moshi ukimfuata, akatokeza dirishani na fulana na bukta ya maua. Mtaa mzima ulikuwa chini, mikono mitupu, nyuso tulivu, kama waraka ulivyoagiza.

"Fanyeni kitu," alisema Mkurugenzi.

"Tumejiandaa, Mheshimiwa," alijibu muuza mkaa. "Ila haionekani."

Mkaguzi alijua ngazi ilipo. Kuitoa ni kujiumbua. Kuiacha ni kumwacha mtu afe, tena mtu ambaye bado hajasaini barua ya cheo. Alikuwa angali anapima hayo mama mkwe alipotokea na ngazi, shuka ingali juu yake. Fundi viatu na muuza mkaa wakaisimamisha juu ya vigae vya uani vinavyoteleza, wakaishika huku na huku.

Mkurugenzi alitoa mguu mmoja, akasita. Watu walikuwa wameshatoa simu.

"Hii ngazi itaonekana," alimwambia Mkaguzi kwa sauti ya ofisini. "Waamuru wageuke. Wote."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini anaweza kuamriwa asitazame. Mkaguzi akatoa amri, na yeye mwenyewe akageuka wa kwanza ili awe mfano. Mtaa ukageuka. Fundi viatu mwenye cheti na muuza mkaa mwenye onyo wakaangaliana, wakaiachia ngazi, wakageuka pia.

Ulisikika mkwaruzo, tusi moja lisilofaa kwa mtu wa cheo chake, kisha kishindo kwenye bustani ya maua. Moto ulizimwa kwa ndoo za mchanga zilizotoka katika nyumba ambazo Mkaguzi alizipekua asione kitu.

Iliundwa tume. Mkurugenzi, mguu kwenye plasta, alidai ngazi iliachiwa. Mtaa mzima ukaapa, bila kusema uongo, kwamba haukuona ngazi ikiachiwa. Mkaguzi, aliyeulizwa wa mwisho, alikwenda mbali zaidi: hapakuwa na ngazi kabisa. Tume ikaridhika kwamba Mkurugenzi alijirusha kwa hofu, na hofu ilikuwa kosa la kwanza katika waraka alioutia saini mwenyewe. Akastaafishwa kimyakimya, na kiti chake akapewa mtu asiye na doa.

Jioni Mkurugenzi mpya alirudi nyumbani kwa gari la king'ora bubu. Ngazi ilikuwa nje, imeegemezwa ukutani, na shuka inakauka juu yake. Majirani walikuwa barazani wanatazama. Alikohoa, akasifia hali ya hewa.

"Mama," alisema, "ile ngazi..."

"Ngazi gani, baba?"