Thackray wa Kuolewa

Jumatatu, 2 Agosti 1976

Bibi Hannah Thackray amefariki. Mungu amrehemu. Nyumba yake imebaki tupu! Nilijitanda mtandio mweusi, nikaenda kutoa pole, nikayapima madirisha kwa macho. Vyumba viwili, jiko lake, kibustani mbele. Gary wangu angetambaa humo mpaka achoke.

Nyumba hiyo haiuzwi wala haipangishwi. Tajiri wa zamani, Josias Thackray, aliliachia kanisa: akae humo bure mama mwenye shida, mwenye jina la Thackray. Basi! Shida ninazo, mtoto ninaye, na jina ninalo. Alinipa jina hilo mume wangu Keith siku ya harusi, kisha akatoroka na mhudumu wa baa kwenda Morecambe. Alibeba hadi redio. Jina tu ndilo alilolisahau.

Nikamwambia mama yake, Edna. (Mimi na Gary tunalala chumba chake cha nyuma, ubavuni mwa mashine ya kukamulia nguo.) Alicheka hadi chai ikamtoka puani. Akasema wewe binti umezaliwa Smith, jina la kuokota njiani, na hapa u Thackray wa kuolewa tu. Wa damu ni Maureen. Maureen ni mtoto wa shemeji yake. Ana mapacha, na mdomo unaowatosha wote watatu.

Kamati ya kanisa itaamua Jumapili baada ya ibada. Kwa hiyo lazima nilijue jina hili kuliko waliozaliwa nalo. Damu sina, lakini kusoma najua. Kiasi.

Jumanne, 3 Agosti

Basi mpaka Harrogate, Gary mapajani, joto la kuivisha mkate. Maktaba wana kitabu kinene cha majina ya ukoo. Nilitegemea shujaa wa farasi. Au mtoza ushuru wa mfalme, si haba.

Thackray: kona yenye matete ya kuezekea.

Nikasoma tena. Matete! Nimeolewa nikaachwa kwa ajili ya matete! Ni maneno ya wale watu wa kaskazini waliokuja kuvamia huku zamani. Tena hiyo kona ilikuwa palepale jirani yetu, Fewston, na siku hizi ipo chini ya bwawa. Wameizamisha ili watu wa Leeds wapate maji ya kuogea.

Nikamwuliza dada wa maktaba kama angalau ni jina la watu wachache. Akasema ukienda London, ndiyo, utaonekana mtu wa ajabu. Lakini Yorkshire hii, mpenzi, ukiita Thackray sokoni Leeds, nusu ya wauza samaki watageuka.

Gary aliramba ukurasa. Dalili njema.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimepata wazo! Mvua imetukimbia mwaka huu mzima. Nyasi zimekuwa rangi ya biskuti, maji ya kufulia tunamwagia choo, na bwawa limeshuka hata kuta za kale zimetokeza. Kona yetu imetoka majini! Nikileta jiwe la asili ya jina mbele ya kamati, Maureen atasema nini na damu yake?

Nikaenda na kigari cha mtoto. Jiwe nililiona: la mraba, limechongwa, la heshima kabisa. Nikamhamishia Gary upande wa kichwani, jiwe miguuni. Matope kwa juu yamepasuka kama gamba la mkate, kwa chini ni uji. Magurudumu yakazama. Nikamtoa Gary, nikazama mimi. Hadi magoti! Gary akapiga makofi. Mtoto wangu ana moyo mwema, hucheka watu wasijione wapweke.

Alitutoa Bwana Umpleby, mfugaji, kwa trekta, sisi na jiwe letu. Aliniuliza nafanya nini. Nikasema natafuta asili. Akasema asili ya nini, ya nimonia? Kabla sijafika nyumbani, baa nzima ilikuwa na habari.

Kiatu kimoja kimebaki huko chini na mababu wa Keith.

Ijumaa, 6 Agosti

Maureen kaja, mikono kiunoni. Kaniita Malkia wa Matope. Kanionyesha ngao ya ukoo aliyoinunua dukani Harrogate, ya mbao, ina simba na maandishi ya dhahabu. Akaniambia tazama, bibiye, hawa ndio watu wangu. Nikamwambia simba wa matete huyo. Edna akaitundika ukutani, juu ya kitanda cha Gary! Akadai mtoto anahitaji kuona kitu cha ukoo.

Nimelia kidogo kwenye nepi. Gary akanishika pua, kama anavyofanya akitaka nicheke.

Hapo hapo, nikiwa nimeshikwa pua, akili ikafunguka. Maureen kaolewa na Hebblethwaite! Alibadili jina kwa hiari yake, kwa keki na muziki, nami nilikuwepo, niliwalisha wageni soseji. Alizaliwa nalo akaliacha. Mimi nilizaliwa sina, nikalichukua. Na zaidi ya hapo: nimezaa Thackray! Mapacha wake ni Hebblethwaite wawili. Gary ndiye Thackray wa kuzaliwa, tena katokea kwangu.

Sijamwambia mtu. Nimejizoeza mbele ya kioo.

Jumapili, 8 Agosti

Ukumbi wa kanisa. Kamati: Kasisi Pickersgill, Bwana Umpleby, na Bi Outhwaite wa posta. Edna kakaa nyuma na mkoba wake.

Maureen alianza. Kasema sasa ameamua kurudia jina la baba yake. Mumewe alikuwa pembeni, anakula sandwichi ya tango, wala hakushtuka.

Kisha mimi. Nikaliweka jiwe mezani. Nikaeleza kona, matete, watu wa kaskazini, kila kitu. Wote wakalikodolea macho jiwe. Nikadhani wameguswa. Bwana Umpleby akakohoa. Akasema Bi Sandra, usinielewe vibaya, lakini hilo ni jiwe la choo cha wale vibarua waliochimba bwawa. Babu yake alikuwa kibarua mmojawapo. Alilikalia.

Wakacheka, hata Kasisi. Masikio yalinichoma. Lakini nikamwinua Gary juu kwa mikono miwili na nikasema yote niliyojizoeza. Jina si la kuzaliwa nalo tu, ni la kulizaa! Josias alisema mama, na mama wa Thackray ni yule aliyemleta Thackray duniani!

Kicheko kikakatika. Bi Outhwaite akatoa leso. Kasisi akasema hoja hiyo ni nzito, na kamati inaikubali kwa kauli moja. Maureen akawa mwekundu kama nyama mbichi. Nilishaanza kuchagua mapazia.

Edna akasimama.

Akasema anashukuru, mkwe wake amesema vizuri mno. Na kwa kuwa ni hivyo, yeye alimzaa Keith, Thackray kamili, wakati huyu binti bado ananyonya. Ametangulia. Ni mjane. Na kuhusu shida, Mheshimiwa Kasisi, shida yake ya kwanza ni mimi. Ya pili ni Gary.

Kauli moja tena.

Jumatano, 11 Agosti

Tumehamia nyumba ya Bibi Hannah. Edna kachukua chumba cha mbele chenye jua. Mimi na Gary tumepewa cha nyuma. Mashine ya kukamulia nguo pia imepewa cha nyuma. Nyumba ya kupanga aliyoiacha Edna ameichukua Maureen, ina bafu. Alipita kunishukuru. Alinibusu mashavu yote mawili, mwanaharamu yule.

Edna kanikaribisha chai kwa upole, akisema jisikie nyumbani, mwanangu, lakini usiguse mapazia.

Sina kinyongo. Nimekaa na Gary dirishani, amelala kifuani, ana jasho la shingoni lenye harufu ya maziwa, nami nikawaza vizuri, bila hasira. Kosa halikuwa kwenye hoja. Hoja ilishinda! Kosa ni kwamba tulilingana, Thackray mmoja kwa Thackray mmoja, Edna akanizidi kwa umri. Lakini Edna hawezi kuzaa tena. Mimi naweza. Nikiwa na wawili, kamati itasema nini?

Nimemwandikia Keith Morecambe. Nimesema nimesamehe yote, hata redio, na arudi haraka.