Ndiyo ya Mwalimu Leodegar

Jumatatu, 2 Agosti 1954
Mwalimu Leodegar karudi Temeke kutoka hospitali. Kiharusi kimemwachia mkono mzito na neno moja tu: ndiyo. Nilimwamkia shikamoo, akajibu ndiyo. Bintiye Demetria akamuuliza kama anataka uji. Ndiyo. Au chai? Ndiyo. Akaletewa vyote, akavisukuma.
Miaka miwili ananinyima Demetria, eti situlii kazini. Sasa hawezi kukataa kitu. Lazima nifanye haraka, kabla hajapona. Najua si vizuri. Naandika humu tu.

Jumanne, 3 Agosti
Nilikwenda na Adelard, karani mwenzangu wa ghalani, awe shahidi. Nikamuuliza Mwalimu kama naweza kumwoa Demetria. Ndiyo. Mishipa ya shingo ilimsimama. Nikamwambia Adelard ni furaha. Akaandika, akatia sahihi.
Njiani Adelard akasema kasahau kofia. Alirudi baada ya robo saa anatabasamu. Naye kaomba. Naye kapewa ndiyo. Sijala chakula cha jioni.

Alhamisi, 5 Agosti
Demetria kaziona karatasi zote mbili, yangu na ya Adelard. Akamuuliza baba yake, mbele yetu, kama anataka kumwoza kwa mbuzi wa jirani. Ndiyo. Adelard alicheka. Mie sikuona cha kuchekesha.
Yuko Bibi Sugra, aliyesomea Bombay kazi ya kufundisha watu kusema. Mjini anafundisha watoto wenye kigugumizi, na sasa anakuja kwa Mwalimu kila alasiri. Anasema akili ya mzee ni nzima, anasikia yote, ila maneno yanapotea njiani kabla hayajafika mdomoni. Alimpangia picha: kikombe, kitanda, kiatu. Kila alichotajiwa, Mwalimu alikigusa bila kukosea.
Bibi Sugra kakataza kumdakia maneno. Anayesema angojewe. Mie kungoja siwezi. Kwa dakika moja nilimdakia matano, nikatolewa uani.
Kumbe anasikia yote. Hata ya Jumanne. Nimezunguka nyumba mara tatu.

Jumamosi, 7 Agosti
Leo Bibi Sugra kamwimbisha. Alianza wimbo wa kanisani aliowafundisha Mwalimu wanafunzi wake, nami nikiwamo. Mzee akaupokea, maneno yakatoka yote. Alipotaka kuyasema bila sauti ya wimbo yakatoweka. Akalia. Demetria akakimbilia jikoni. Nilisimama mlangoni nimeshika baiskeli, sijui pa kuangalia.
Nusu ya njia wazo likanijia. Posa nitaiimba, naye anijibu kwa wimbo.

Jumapili, 8 Agosti
Baada ya misa niliiimba, kwa sauti ya wimbo ule ule, majirani wakisikiliza. Mwalimu akabadilika uso. Midomo ikatafuta. Nikataka kumsaidia, Demetria akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Tukangoja. Sijapata kungoja hivyo.
“Ha,” akaimba mzee. “Ha-pa-na.”
Kisha bila wimbo, akinikazia macho: “Hapana.”
Demetria akapiga magoti akamkumbatia. Majirani wakapiga makofi. Bibi Sugra akanipa mkono. Adelard pia akanipa mkono, kwa sababu zake.

Jumatano, 11 Agosti
Bibi Sugra anasema hakuna kitu kilichomwamsha ulimi Mwalimu kama swali langu. Kaniomba nije kila siku saa kumi niliulize tena. Demetria mwenyewe kanisihi, kisha akanimiminia chai.
Juzi Mwalimu alijibu hapana. Jana, hapana kabisa. Leo alivuta pumzi, akasema taratibu, “Hapana, Revelian. Kaa mbali na binti yangu.”
Maneno saba. Bibi Sugra aliyahesabu kwa vidole, machozi yakimlenga.
Jina langu kalitaja sawasawa. La Adelard bado hajaliweza. Mwenye macho anaona mambo yanakoelekea. Kesho navaa tai.