Choo Chenye Kioo

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Injinia amenipa mimi kazi ya kuchagua vyoo vya kuhamishika vya saiti. Mimi, mtunza stoo, si Mnyapara. Sababu aliitoa mbele ya watu wote: mzee anasoma maelezo mpaka mwisho. Mnyapara akakohoa. Akasema choo ni shimo na mlango, kuna nini cha kusoma?

Jambo lenyewe si la mzaha. Bibi Afya ametupa muda mpaka Ijumaa. Asipokuta vyoo vya maana, vya wanaume mbali na vya wanawake mbali, anafunga saiti. Na Mama Zege, kiongozi wa wanawake wanaobeba maji na kuchanganya zege, amesema wao hawamngoji Bibi Afya. Wamechoka kwenda kuomba ufunguo kituo cha mafuta na kusonywa. Choo kisipokuwapo Ijumaa, hakuna ndoo itakayonyanyuliwa.

Saiti ikifungwa, mimi nitarudi kushinda kwa binti yangu. Binti ni mwema, mkwe ni mpole, wajukuu ni wajukuu. Ninalala sebuleni nyuma ya pazia. Kwetu, kabla hatujaondoka, nilikuwa na chumba chenye dirisha la mashariki na komeo la ndani. Tangu hapo sijapata mlango wa kuufunga nikabaki peke yangu nyuma yake. Hata bafuni kwa binti yangu mlango unafungwa kwa kamba, na mjukuu mdogo hulala kifudifudi akachungulia chini na kuniuliza, babu, unafanya nini huko?

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda uwanjani kwa muuza vyoo. Vyoo vimepangwa mistari kama wanafunzi asubuhi. Vingi ni vya kawaida: plastiki ya buluu, tangi chini, bomba la kutolea harufu juu. Imara. Havina neno.

Kisha nikakiona kile. Cheupe. Unakanyaga pedeli, maji yanashuka. Sinki. Kioo. Ndoano ya koti. Paa linapitisha mwanga laini, usioumiza macho. Na komeo la ndani, la chuma!

Niliingia kukijaribu. Nilifunga. Kimya. Nilikuwa na kitabu mfukoni, nikasoma kidogo tu, kwa ajili ya vipimo. Muuza vyoo aligonga akauliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba mnunuzi makini hakurupuki. Akasema wanunuzi wengine makini hutoka kabla ya chakula cha mchana.

Fungu tulilopewa linatosha vyoo vya kawaida kwa wote, wanawake wakiwa na chao. Au linatosha vya kawaida vichache pamoja na kile cheupe. Nilipima kwa haki. Nimechukua cheupe. Katika karatasi ya maombi nimeandika: cha wageni, ufunguo kwa mtunza stoo. Wageni huja mara chache sana kwetu. Hiyo ndiyo sifa yao kubwa.

Jumatano, 5 Machi

Vyoo vimefika. Vya buluu nimeviweka karibu na lango, gari la kunyonya majitaka livifikie. Cheupe nimekipeleka nyuma ya stoo, penye kivuli na upepo. Mlango nimeuelekeza upande usio na watu, mtu asione nani anaingia wala anakaa kiasi gani.

Mnyapara alinionyesha uzi uliofungwa kwenye vigingi kuzunguka mahali hapo. Akaniuliza kama nimeuona. Nikamwambia, kijana, mimi nilisoma ramani za majengo kabla hujaota meno. Akasema sawa mzee. Alisema kwa adabu nyingi mno. Adabu ya Mnyapara hainipendezi.

Ili asije akakihamisha kwa chuki zake, nimebandika tangazo kwa herufi kubwa: KISISOGEZWE KWA SABABU YOYOTE.

Mama Zege alikuja na wenzake. Akauliza cha wanawake kiko wapi. Nikaeleza kwamba vya buluu watavitumia wote, kwa zamu. Akanitazama juu mpaka chini. "Babu, na haja nayo umeipangia zamu?" Wenzake wakacheka wakashikana mabega. Mafundi nao wakacheka. Mnyapara alicheka kuliko wote, kisha akajifanya anapiga chafya.

Alhamisi, 6 Machi

Siku tulivu. Baada ya chakula nilijifungia na kitabu. Nje kulikuwa na sauti za mwiko, tak, tak, na fundi mmoja akiimba taratibu. Sijasoma vizuri hivi tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Nilisoma mpaka mwanga wa paa ukageuka rangi ya chai.

Nikafungua komeo. Mlango ulisogea upana wa kiganja ukagota.

Tofali. Tofali mpya, saruji yake bado mbichi, kimo cha mabega. Ule uzi ulikuwa alama ya ukuta wa chumba, na mafundi wameujenga. Pande zote! Nikaita. Kichwa cha Mnyapara kikatokea juu ya ukuta. Akasema kumbe mzee umo, nilidhani uko stoo. Nikauliza kwa nini hawakukiondoa choo kwanza. Akasoma tangazo langu kwa sauti, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Akasema wao ni watu wa kutii maandishi.

Wakaanza kutoa tofali mbele ya mlango. Mama Zege alizipokea akizipanga, akiuliza kama babu anahitaji maji ya kunywa au sinki inatosha. Walipomaliza wakaniambia nitoke. Niliwaomba wanisubiri kidogo. Zilibaki kurasa chache tu za sura ile.

Ijumaa, 7 Machi

Bibi Afya amefika mapema. Wanawake walikuwa wamezipindua ndoo zao na kuzikalia. Hakuna aliyenyanyuka. Mashine ya zege imezimwa. Nilisikia ndege wakilia, jambo ambalo saitini si dalili njema.

Akavikagua vya buluu, akaridhika. Akauliza cha wanawake. Injinia akanitazama. Mnyapara akanitazama. Bibi Afya akatoa kalamu. Nikaliona pazia la sebuleni kwa binti yangu waziwazi kabisa.

Ndipo akili ikanijia! Nikamwongoza mpaka nyuma ya stoo. Nikasema hiki hapa, cha akina mama, na kwamba niliagiza kuta zizungushwe makusudi, kwa ajili ya stara. Nilisema bila kupepesa.

Bibi Afya akageuka kumwuliza Mama Zege kama ni kweli. Mama Zege akafunga mikono kifuani. Alinitazama kwa muda ambao ulinizeesha. Kisha akasema naam, ni chetu, babu alikuwa anatushikia ufunguo tu. Na akanyoosha kiganja.

Nikampa.

Bibi Afya akasifu kuta. Saiti nyingi, akasema, huwasahau wanawake. Akaagiza chumba hicho kisikamilishwe mpaka mwisho wa kazi, na gari la majitaka lije na bomba la kuongezea. Injinia akanishika mkono mbele ya wote, akasema alijua alimchagua mtu sahihi. Ndoo zikanyanyuliwa. Mashine ikanguruma. Mnyapara alionekana kama aliyemeza kokoto.

Nilipaswa kufurahi. Kitabu kimebaki mle ndani, kwenye sinki. Mama Zege amekirudisha jioni. Amesema ameanza kukisoma, na kwamba huyo mwenye duka wa kitabuni hatampata mke yule. Mimi sikuwa nimefika hapo!

Jumatatu, 10 Machi

Habari njema. Injinia anataka kibanda cha mlinzi wa mchana, naye ameniomba mimi nikichague. Nimeshakipata. Ni kidogo, cha bati, kina dirisha, kiti cha kukunja, na komeo la ndani. Tena kina magurudumu, kwa hiyo habari ya kujengewa ukuta imekwisha. Mtu hujifunza.

Mlinzi wa mchana yeye hupenda kukaa nje, nimemwuliza kwa mbali.

Nimekiweka kando ya njia inayoshuka langoni. Mnyapara amekuja kuniuliza, kwa adabu ile ile, kama nimeuona mteremko. Nimemjibu kwamba nimeuona, na ndiyo maana nimepachagua: ukikaa unaegemea nyuma mwenyewe, huhitaji mto.

Ameuliza magurudumu nimeyazuia na nini. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nitakuwa ndani, na mimi ni mzito.