Nyumba ya Marehemu Hubert Haina Mtu

Jumatatu, 3 Februari

Nina nyumba! Mimi, Fintan McGoldrick, miaka arobaini na tisa, mwenye nyumba tangu saa nne na robo asubuhi ya leo. Nyumba ya marehemu Hubert Tansey, barabara ya juu, Drumcashel. Mpwa wake aliyeko Boston kaniuzia bila hata kuja kuitazama. Madirisha mawili hayana vioo. Dari la chumbani limevimba. Paa linavuja kama chujio. Nzuri mno!

Nzuri kwa sababu ya ruzuku. Serikali inampa yuro elfu hamsini anayenunua nyumba ili aikarabati, ikiwa nyumba hiyo imekaa miaka miwili bila mtu. Ikiwa gofu la hatari kabisa, anaongezewa elfu ishirini. Hubert kafa miaka mitatu iliyopita. Hesabu imekaa sawa. Akiba yangu yote imeishia kwenye kununua. Nikikosa ruzuku sina hata msumari, na nitazeekea kwa kaka yangu Colm, katika kile chumba cha nyuma ninacholala ubavuni mwa meza ya kupigia pasi.

Nilimwonyesha shemeji Goretti funguo. Hakusema hongera. Aliuliza nahama lini.

Jumatano, 5 Februari

Fomu ya kaunti imefika. Masharti mawili tu. Moja, majirani wawili waape mbele ya wakili kwamba nyumba haikutumiwa na mtu yeyote. Mbili, kazi yoyote isianze kabla ya mkaguzi kufika. Rahisi kama kunywa maji! Majirani wenyewe ni wawili: Bi Attracta Mulvey, mjane, na Mzee Packie Beirne, fundi wa paa aliyestaafu. Nitawapelekea biskuti. Mkono mtupu haulambwi.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya misa nikaenda kuitazama nyumba yangu. Lo! Moshi unatoka kwenye dohani. Nikadhani inaungua. Nikaingia mbio na ndoo ya maji.

Ndani wamekaa watu wanne wanacheza karata. Bi Attracta, Mzee Packie, Mwalimu Concepta aliyenifundisha darasa la pili, na Dympna wa posta. Moto unawaka, birika linachemka. Bi Attracta akaniambia nifunge mlango, naingiza baridi.

Kumbe ni kila Jumapili! Miaka yote hii! Ilikuwa desturi ya Hubert. Alikufa Jumanne, Jumapili wakaja vilevile, kwa kuwa hawakujua pengine pa kwenda. Bi Attracta huwasha moto tangu Jumamosi ili unyevu usile kuta. Niliwaambia nimeinunua. Mzee Packie akasema hongera kijana, vuta kiti.

Nikavuta kiti. Tukacheza hadi saa kumi na moja. Kulikuwa na chai na mkate wa soda. Bi Attracta alisema nashika turufu kama kuku anayeatamia, na nisipoitoa leo itaanguliwa. Walicheka. Nami nikacheka. Sikumbuki lini nilicheka na watu mara ya mwisho. Kwa Colm tunakula tukiitazama televisheni.

Njiani kurudi ndipo akili ikanijia. Jumapili zaidi ya mia moja na hamsini! Hiyo si nyumba isiyo na mtu, hiyo ni klabu. Hawawezi kuapa. Lazima watoke, na taratibu, wasijue kwa nini.

Jumanne, 11 Februari

Mpango wangu ni wa kitaalamu. Nilimkuta Bi Attracta posta, nikamwambia kwa huzuni kwamba paa la Hubert linataka kuanguka, na si salama kwa mtu wa umri wake. Akauliza umri gani. Nikasema umri wowote. Akauliza tena. Nikanunua stempu nisizozihitaji, nikatoka.

Lakini maneno yameingia! Aliniahidi atamwambia Mzee Packie leo hii. Jumapili ijayo hawatakanyaga pale. Mkaguzi anakuja Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Nani kama mimi?

Jumamosi, 15 Februari

Nimekwisha.

Nimefika kule saa nne, nikakuta wanaume tisa juu ya paa langu. Mzee Packie kawaita. Huku kwetu jirani akizidiwa, iwe nyasi za ng'ombe au nyumba, watu hukusanyika wakamaliza kazi siku moja, bila malipo na bila kuombwa. Nimelijua hilo tangu utotoni! Halikunipitia akilini hata kidogo.

Mzee Packie alinipigia kelele toka juu kabisa: "Usihofu, Fintan! Hatukuachi peke yako!"

Vigae vipya. Vioo madirishani. Dari limewekewa nguzo. Bi Attracta anagawa mikate ya nyama. Nilisimama uani nasema asanteni, asanteni, machozi yananitoka. Walidhani ni shukrani. Kusema kweli, kidogo yalikuwa ya shukrani. Hakuna aliyewahi kunifanyia kitu cha namna ile. Lakini ruzuku! Mkaguzi atakuta nyumba bora kuliko yake!

Nilipofika nyumbani Goretti alikuwa amehamishia mashine ya kushonea chumbani kwangu. Alisema si kwa muda mrefu.

Jumatatu, 17 Februari

Mzee Packie alikuwa na miadi ya daktari. Nikapanda paani kubandua vigae.

Kumi na vinne vilitoka vizuri. Nikavipanga chini kwa adabu. Cha kumi na tano kikaondoka na mimi, tukatoboa dari. Miguu imening'inia chumbani, kiwiliwili kiko nje, na mvua inanyesha. Dakika arobaini! Bi Attracta akapita na mbwa wake. Akauliza nafanya nini huko. Nikasema nakagua. Akasema, "Kagua, baba, kagua," akaenda kumtafuta Mzee Packie, ambaye daktari alimwachia mapema.

Mzee Packie alileta ngazi. Akaviona vigae vyake, vile vya Jumamosi, vimepangwa kumi na vinne sawasawa. Akavitazama. Akanitazama.

Nikasema yote. Fomu, kiapo, chumba cha nyuma, mashine ya kushonea. Nililia, nadhani, ingawa kwa mvua ile nani angejua. Nilitamani anitukane. Akauliza tu wanatia sahihi wapi.

Jumatano, 19 Februari

Wameapa. Ofisini kwa wakili, mjini, mkono juu ya Biblia: nyumba haikutumiwa na mtu yeyote. Bi Attracta alifumba macho akiapa. Huyu ni mtu anayekwenda kuungama kwa sababu ya umbea.

Niliwanunulia aiskrimu wakati wa kurudi. Februari, mvua, upepo. Wakaila kwenye kiti cha nyuma.

Ijumaa, 21 Februari

Ushindi! Mkaguzi ni msichana mwenye kofia ngumu na buti safi. Alilitazama tundu la dari kwa muda mrefu, tundu nililolichimba kwa mwili wangu mwenyewe, akaandika kwamba paa ni la hatari. Akagusa meko. Baridi tupu. Bi Attracta alizoa majivu jana na kupiga deki, na Mzee Packie akaving'oa vigae na vioo vyake vyote, bila mimi kuwaambia.

Mkaguzi akasema nyumba hii inatia huzuni. Nikasema asante sana.

Jumapili, 23 Februari

Nimewasha moto mwenyewe. Nikanunua keki ya zabibu, nikapanga vikombe vitano, nikachanganya karata. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Saa nane hakuna mtu. Saa tisa hakuna mtu. Nikatoka getini mara tatu kutazama barabara. Saa kumi na moja nikaichukua keki nikaenda kwa Bi Attracta.

Aliniambia mlangoni, kwa upole. Waliapa kwamba nyumba ile haina mtu. Uongo wa mara moja ataubeba, Mungu ni mwenye huruma. Ila hawezi kuurudia kila Jumapili. Kwa hiyo wameamua kuufanya uwe kweli. Nikauliza wanachezea wapi siku hizi. Akasema mahali.

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kumjibu. Keki hakuichukua. Nimeila njiani, yote, na imenikaa kifuani.

Alhamisi, 10 Aprili

Barua imekuja! Elfu sabini! Zote!

Nilipiga kelele jikoni kwa Hubert hadi njiwa wakaruka. Nikampigia Colm, akasema yuko mnadani, anauza ndama, nipige baadaye. Nikampigia mpwa wa Boston, kule ni alfajiri, akakata. Hapo majina yakaniishia kwenye simu.

Nikakaa. Nikagawa karata za watu watano, nikawachezea wote. Mzee Packie kashinda.

Jumapili, 13 Aprili, Jumapili ya Matawi

Bi Attracta alinikamata kwenye mlango wa kanisa, tawi mkononi. Alisema amechoka kuniona nazubaa barabarani kama kondoo aliyesahauliwa. Akasema nifuate, na nifunge domo.

Wanachezea nyumba ya mkuu wa stesheni, ng'ambo ya daraja. Reli iling'olewa zamani, nyumba imebaki. Wamewasha moto. Dympna akasogea. Mwalimu Concepta akanimiminia chai, akakumbuka sinywi na sukari. Mzee Packie hakunitazama, akanigawia karata, akasema, "Kaa basi, bwana, unatuzibia joto."

Moyo ulinijaa. Sijawahi kufurahi hivyo kukaripiwa. Nilijiambia, Fintan, hapa ndipo. Usitake kingine tena maishani.

Mchezo wa pili nikainua macho. Kuvu kwenye kona. Boriti limeoza katikati. Paa limebonyea upande wa magharibi, na kwenye ngazi umeota mti mzima! Ruzuku inaruhusu nyumba ya pili, ukiahidi kuipangisha. Niliuliza tu. Kwa adabu kabisa, huku nagawa karata. Kwamba hivi, nyumba hii ni ya nani, na imekaa muda gani bila mtu?

Mzee Packie akaweka karata zake mezani. Mwalimu akavaa koti, Dympna akavaa koti. Bi Attracta alitoka wa mwisho. Aliipua birika kwanza, lisije likaungua.

Watu wa huku ni wagumu kuwaelewa. Kesho asubuhi nakwenda kumtafuta mwenye nyumba. Sebule nimeipima kwa hatua, kwa kuwa sasa haina mtu wa kunizuia njia: sita kwa nane. Inaingia watu wengi sana.