Mume Mzito wa Magindu

Jumatatu, 4 Oktoba 1976

Nimeaibishwa. Nilikuwa nyuma ya ua nikitengeneza baiskeli, nikasikia wanawake wanasifia waume zao. Zubeda akasema mumewe, Kibwana, balozi wetu wa nyumba kumi, ni mtu mzito. Akikohoa tu nyumba nzima inatulia. Mke wangu Mwamvita akasema: wangu ananichekesha. Wakacheka wote.

Kumbe mke wangu ananiona kichekesho. Kuanzia kesho na mimi ni mtu mzito.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimeanza vizuri. Chai nimekunywa nikitazama ukuta, kama Kibwana. Mwamvita akauliza kama muhogo umeiva. Nikamjibu kwamba suala hilo litaangaliwa. Akanitazama kwa muda mrefu. Heshima imeanza kuingia.

Kazini, duka la ushirika, nimehudumia watu bila utani. Mzee mmoja aliuliza nimefiwa na nani.

Alhamisi, 7 Oktoba

Mwamvita kanichemshia mwarobaini. Anadhani naumwa. Nimekunywa kikombe kizima bila kukunja uso, kisha nikaenda kutapika nyuma ya nyumba.

Jioni akanisimulia habari ya mbuzi aliyeingia ofisi ya kijiji katikati ya mkutano na kula ajenda. Kicheko kilinipanda mpaka puani. Nikakohoa, nikatoka nje. Niliporudi alikuwa na macho mekundu. Moshi wa kuni, bila shaka.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mwamvita ameondoka. Nimerudi kutoka dukani nikakuta mlango umefungwa. Zubeda ndiye aliyenipa habari: kapanda lori la korosho kwenda kwa wazazi wake, Maneromango. Alimwambia Zubeda kwamba mume akiacha ghafla kucheka na mkewe, basi kapata mwingine wa kucheka naye.

Mwingine yupi? Mimi hata huyu mmoja nilimpata kwa bahati.

Nimekula muhogo bila chumvi. Sijui chumvi inakaa wapi. Kimya cha nyumba hii sikipendi.

Jumatatu, 11 Oktoba. Maneromango

Nimefika ukweni. Baba mkwe, Mzee Mwinyimadi, aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama. Akanionyesha kitanda cha kamba nikae. Mwamvita alisimama mlangoni, kajitanda kanga.

Hotuba nilikuwa nayo tayari. Nikaanza: ndugu wazazi, kuhusu suala lililojitokeza. Hapo hapo kamba zikaachia. Nikazama katikati, magoti yakagusa masikio, kofia ikaniziba macho. Sikuona pa kushika. Nikaendelea kuhutubia kutoka humo humo, maana sikuwa nimefika kwenye kuomba radhi. Nikasema hakuna mwanamke mwingine. Nilitaka tu mke wangu anione mtu wa maana.

Nikasikia kicheko. Nakijua kile. Mwamvita alikuwa kaegemea nguzo, machozi yanamtoka.

“Baba, ndiye huyu,” akasema. “Huyu ndiye niliyeolewa naye. Yule wa wiki iliyopita simjui.”

Alinivuta nje ya kitanda mwenyewe. Kisha akaniambia taratibu kwamba siku ile uani hakuwa ananidharau. Wenzake waume zao wakiingia ndani, maongezi yanakatika. Yeye hufurahi akisikia baiskeli yangu.

“Nilikuwa najivuna, mume wangu. Wewe ukasikia matusi.”

Nimekula wali wa ukweni sahani mbili.

Ijumaa, 15 Oktoba

Tumerudi Magindu. Ile habari ya mbuzi nimeomba isimuliwe upya, tumecheka mpaka uji ukaungua.

Jioni Kibwana kanifuata pembeni, akiangalia huku na huku. Aliuliza nafanya nini hata mke wangu awe na furaha hivyo. Zubeda kaanza kunitaja mimi kama mfano. Balozi mzima ananiomba ushauri.

Nimempa siri. Nilinuna, mke akaondoka, akarudi akinipenda zaidi. Kwa hiyo dawa ni kununa. Kibwana akasema mbona yeye haongei tangu aoe. Nikamweleza kwamba hajakaza vya kutosha.

Jumapili, 17 Oktoba

Kibwana anafuata masharti. Leo hata kukohoa kaacha. Nimepita barabarani nikamkuta Zubeda kasimama na furushi kichwani, anasubiri lori. Nimempungia mkono kwa furaha.

Dawa imeanza kufanya kazi.