Mbu wa Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Machi
Mjukuu wangu, yule msomi wa wadudu, kaja na ndoo yenye feni ndogo na kitambaa kinachonuka miguu. Ati mbu hufuata harufu ya miguu yetu, basi wao wameiiga! Mbu anaifuata, anaingia ndooni, hatoki. Nikamwambia marehemu babu yake angewapa harufu hiyo bure. Majaribio yakifaulu, mtaa mzima utapata mitego na yeye ataajiriwa kwa kudumu. Kaning'iniza mmoja kwangu, mwingine kwa jirani yangu, Bi Kidomo.

Jumatano, 5 Machi
Mitego imefunguliwa. Wa Bi Kidomo umejaa. Wangu: mbu wanne, tena wamekonda. Bi Kidomo kauliza, kwa sauti ya kufika barabarani, kama damu yangu imeisha ladha. Uso ukaniwaka. Mjukuu kasema haidhuru. Inadhuru! Nyumba ya bibi yake ndiyo imwangushe?

Alhamisi, 6 Machi
Nimechota viluwiluwi wa mbu mtaroni kwa bakuli langu la uji. Nimewamwaga kwenye beseni, nimelisukuma chini ya kitanda. Sikukanyaga darasa, lakini hili halihitaji mwalimu.

Jumatatu, 10 Machi
Umejaa! Bi Kidomo kanuna. Mjukuu kanikumbatia, kanisifu. Sifa zenyewe si haki yangu. Nikazimeza. Kisha kawatazama mbu kwa kioo chake, kakunja uso. Ati wote wachanga, kama waliozaliwa humu humu. Nikamwambia mbu wa kwangu wanatunzwa, hawazeeki. Najikuna mwili mzima.

Jumatano, 12 Machi
Aibu. Aibu tupu.
Mkuu wake wa kazi kaja, bwana wa miwani, kaketi kitandani kwangu. Kasema kwa upole kwamba mtego unaelekea kuita mbu ndani ya nyumba, kwa hiyo mitego yote itang'olewa leo. Mjukuu wangu midomo inamtetemeka, kama kila alipovunja sahani utotoni. Bi Kidomo mlangoni, shingo ndefu.
Ningeweza kunyamaza. Nikapiga magoti, nikalivuta beseni. Maji yakammwagikia mkuu viatuni, mbu wakamrukia puani. Bi Kidomo kacheka hadi kashikilia mlango. Mkuu hakucheka. Kasema hesabu za nyumba yangu zitupwe, mtego wangu uondolewe, majaribio yaendelee kwingine.
Mjukuu alisema neno moja tu: "Bibi!"
Heri angenizaba kofi.

Jumapili, 16 Machi
Tangu Jumatano sijatoa pua nje. Leo mjukuu kaja. Kamwaga kila tone la maji, hata ya kikombe cha meno yangu ya bandia. Nikamwomba radhi. Kaniegemezea kichwa mapajani, kasema wenzake kazini sasa wananiita Mfugaji. Nikacheka huku nalia. Nikaapa: sitatia tena mkono wangu kwenye kazi yake. Mtoto huyu ndiye roho yangu, nisije nikamharibia tena.
Akiondoka kasema kazini kwao sasa wanajaribu plasta mpya ya vidonda, inayonata kama nyayo za mjusi ukutani. Wanatafuta watu wenye vidonda vidogo. Bi Kidomo keshajiandikisha, na kisigino chake kilichopasuka!
Nimejikagua mwili mzima. Sina hata mkwaruzo.
Kesho nitakwenda kumwogesha paka wa Bi Kidomo.